Mwalimu Aliyetutoza Swali Mlangoni

Sijapata kumwona amemaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa anaianza chai mezani, anafika nayo katikati akiwa dirishani, na tone la mwisho analimalizia barabarani, kikombe kikabaki juu ya ukuta wa mtu. Majirani wa mtaa ule wa Bagamoyo walikuwa na vikombe vyake vya kutosha kufungulia mgahawa. Mkewe, ambaye sisi wanafunzi tulimwita Mama Mwalimu, alikuwa akipita kila Ijumaa kuvikusanya, kama mtu mwenye kuku wanaotaga ovyo.

"Mume wangu ana sisimizi miguuni," alikuwa akisema. "Anatulia akiswali tu, na hata hapo naona vidole vinacheza."

Mimi nilikuwa dereva wa bajaji, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye mke na watoto wawili, nilipojiandikisha masomo ya jioni kukitafuta cheti cha kidato cha nne nilichokikimbia utotoni. Darasa letu lilikuwa pilau la watu: muuza samaki, mlinzi wa hoteli, na mama mmoja aliyekuja na beseni la vitumbua akaondoka nalo tupu kila siku, maana fizikia inatia njaa kuliko kulima. Mwalimu alitufundisha fizikia hiyo na hesabu juu yake. Alifundisha akitembea. Sentensi aliyoianzia ubaoni aliimalizia nyuma ya darasa, na sisi shingo zikamfuata huku na huku. Cheti nilikipata, alhamdulillahi, lakini nilikipata pamoja na shingo nene kama ya ng'ombe wa plau.

Sheria yake ilikuwa moja tu: hutoki mpaka umeuliza swali. Saa ya kutoka ikifika alikuwa wa kwanza mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akihamisha uzito mguu huu hadi mguu huu.

"Lipa mlango," alikuwa akisema. "Swali lolote, mradi jibu lake hulijui."

Muuza samaki siku ya kwanza aliuliza kwa nini samaki akilala hazami. Mwalimu alifurahi hata akasahau kumpisha. Mimi niliuliza saa ngapi, nikarudishwa nikakae, kwa sababu nilikuwa nimevaa saa.

"Swali ni spana," alitwambia, na maneno hayo aliyarudia mpaka mlinzi akayaandika kwenye jalada la daftari. "Mwenye kuona haya kuuliza atafungua boliti kwa meno."

Sasa hapa ndipo palipokuwa na kichekesho, na kichekesho hicho kila mtu mtaani alikijua isipokuwa mwenyewe. Yule bwana hakuwa akimuuliza mtu kitu. Kutuhimiza sisi, hodari; yeye mwenyewe kufungua mdomo akasema sijui, nionyesheni, labda umtie koleo.

Mfano wa kwanza. Palikuwa na msiba Mapinga, wa mzee aliyewahi kufanya naye kazi. Mapinga nayo mnaijua ilivyo siku hizi, viwanja vimekatwa kama keki, kila njia ina nguzo, kila nguzo ina tangazo, na nyumba mpya zinafanana kama mapacha. Mwalimu akaenda peke yake. Akapinda kushoto, akapinda kulia, hakuuliza mtu, akaona turubai na watu wamekaa chini, akaegesha. Akatoa pole. Akabeba jeneza. Akatia udongo kaburini kwa mikono yake, akala na wali. Ndipo katika dua akasikia jina la marehemu, jina la kike.

"Ulifanyaje, Mwalimu?" nilimuuliza, na hilo lilikuwa swali langu la mlangoni.

"Nilisema amin. Thawabu ni thawabu." Akanipisha. "Kisha nikautafuta ule mwingine, nikakuta wameshazika."

Mfano wa pili ni wa jikoni, nao alinipa mkewe. Akitaka chumvi, hasemi chumvi iko wapi. Anafungua kopo la kwanza, anaonja, sukari. La pili, anaonja, unga. La tatu, magadi. Siku ya magadi, alisema Mama Mwalimu, alikunja uso kama aliyeona deni la babu yake, na bado hakuuliza.

Mikono yake lakini ilikuwa mikono ya kazi, hilo simnyimi. Redio alitengeneza, pampu ya maji alitengeneza, feni la msikiti alilipandia kwa ngazi ya kuazima na likazunguka. Alikuwa na tabia aliyoichukua kwa wajomba zake wa Mlingotini, ambao wakiwa chomboni hufunga kisu mkononi kwa mshipi, ule uzi wa kuvulia, ili kikiponyoka kisizame. Yeye alifunga spana vivyo hivyo. Alitembea na spana ikimning'inia kiganjani, ikigonga kila kitu, hata ukiwa hujamwona unajua yuko wapi. Ting, yuko getini. Ting, yuko kwa jirani. Ting ting ting, ana wazo.

Na gari alikuwa nalo. Gari la familia la viti vinane, mlango wa pembeni wa kusukuma, lile la aina ambayo injini imefichwa chini ya kiti cha dereva, kwamba ukitaka kuiona lazima uinue kiti kama unayetafuta hela zilizoanguka. Gari hilo ndilo lililomtikisa.

Lilianza kuzimika. Likiwa baridi, linawaka kwa tusi la kwanza. Likishika moto, mahali popote litakapopenda, linakata roho. Unangoja nusu saa, linafufuka kana kwamba halikufanya kitu. Kuendeshwa ndani yake ilikuwa kukaa roho juu: abiria wote wanasikiliza injini, hakuna anayezungumza, na mtu akikohoa wote wanaruka.

Siku moja lilizimika kwenye mwinuko kabla ya kufika Mapinga, Mama Mwalimu akiwa ndani, na nyuma yao lori la mchanga. Lori lilipiga honi, likayumba, likawapita kwa upana wa kiganja. Mama Mwalimu aliposimulia alisema kiganja. Mimi nikisimulia huwa nasema ukucha. Alishuka, akatengeneza mtandio wake, akavuka barabara kungoja basi.

"Mwalimu," alimwambia kutoka ng'ambo, "mimi gari hili sipandi tena mpaka liniombe radhi."

Na hili halikuwa jambo la kucheka, kwa sababu binti yao wa pekee, anayekaa hapo hapo Mapinga, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na arobaini yake ilibakiza wiki tatu. Arobaini ya mjukuu wa kwanza! Bibi mzaa mama aje kwa basi, amebeba masufuria kichwani, na mumewe ana gari la viti vinane? Ukoo wa mkwe wake ungelizungumza hilo mpaka mtoto aoe.

Fundi mmoja wa mjini alipima gari kwa kifaa chake akasema, sensa ya krenki imekufa. Sensa hii siyo ya kuhesabu watu. Ni kidude kama kidole gumba, kimekaa ubavuni mwa injini kikiiambia imefikia wapi katika kuzunguka kwake, ipate kujua wakati wa kuchoma petroli. Kikinyamaza, injini inapotea njia na kusimama. Kwenye gari lile kimewekwa nyuma kabisa, chini, penye giza, mahali ambapo aliyekiweka nadhani alikuwa amegombana na mtu. Fundi akasema atafungua nusu ya injini ili akifikie, gari lilale kwake siku mbili.

"Sensa ni sumaku na waya uliozungushwa," Mwalimu alitangaza darasani, akipita kati ya madawati kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. "Nimefundisha sumaku maisha yangu yote. Leo mtu anifundishe sumaku?"

Akanunua sensa mpya, akainua kiti, akafunga spana namba kumi mkononi, akaingiza mkono. Alichukua asubuhi nzima mpaka adhuhuri, kwa kupapasa tu. Alirudi na ngozi ya vidole imechunika na sensa ya zamani mkononi, ameichomoa pamoja na waya wake mrefu wenye soketi mwishoni, akiipeperusha kama mtu aliyetoa nyoka shimoni.

Jioni yake aliileta darasani. Mama wa vitumbua akatoa chupa yake ya maji ya moto. Mwalimu akaunganisha nyaya kwenye mita ya umeme, namba ikasimama imara. Akaifunga sensa kwenye mfuko wa plastiki, akaitumbukiza kwenye maji ya moto, tukangoja wote tumemzunguka. Namba ikachezacheza, ikapotea.

"Waya wa ndani umekatika," alisema, macho yanawaka. "Ukiwa baridi ncha zinagusana. Ukipata moto vitu vinatanuka, ncha zinaachana. Mnaona? Gari lilikuwa linazimika kwa sababu ya somo la tatu, ukurasa wa pili!"

Tulipiga makofi. Siku ile niliielewa fizikia, naapa, nikaiona imesimama pale mezani kama mtu.

Jumamosi, sensa mpya imeshafungwa, Mama Mwalimu akakubali kujaribu. Saa nne asubuhi nikapata ujumbe kwenye simu, bila salamu, kutoka kwa mtu ambaye angekata ulimi kabla ya kuniomba: "Kabla ya Mapinga, penye tangazo la viwanja. Abiria mmoja."

Bajaji yangu ilikwenda hadi huko ikazeeka njiani. Nilikuta gari pembeni mwa barabara, harufu ya plastiki iliyoungua, Mwalimu analizunguka ting ting ting, na Mama Mwalimu amesimama mbali, mkoba mkononi. Sensa mpya ilikuwa nzima. Waya wake ndio ulioungua. Mwalimu hakujua ule wa zamani ulipita wapi huko nyuma gizani, akaupitisha mpya kwa kukisia, ukalala juu ya bomba la moshi.

"Pole, Mama," nilimwambia tulipoondoka.

"Sijafiwa." Akaweka mkoba mapajani, akasema, "Mwanangu, ulipokuwa mtoto, mama yako akitaka kubadilisha kamba ya suruali yako, alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa ananipiga kwanza, kwa kuwa nimeikata."

"Na akishapiga?"

"Anafunga kamba mpya kwenye mkia wa ile kuukuu, anavuta. Kuukuu inatoka huku, mpya inaingia kule."

"Kila mtoto wa pwani analijua hilo, au hapana? Akiichomoa kuukuu kabla, anapigwa tena." Bajaji ikaruka shimo, akashika nguzo. "Msomi wangu ameichomoa, ndipo anatafuta tundu."

"Sasa mbona hukumwambia, Mama?"

"Kwani aliniuliza?"

Mama Mwalimu alikuwa akishona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni ila kidole. Kofia zake zilivaliwa Idi hadi Pangani. Akaviangalia vidole vyake, akasema, si kwa hasira, "Miaka thelathini, mwanangu. Mimi ningalimwonyesha. Nangoja aulize tu."

Siku zile sikulala vizuri, nawaambia kweli. Nilikuwa nimebeba siri ya watu wawili kwenye bajaji ya magurudumu matatu. Jumatatu saa ya kutoka ikafika, Mwalimu akasimama mlangoni akitingisha mguu, sensa ya pili mpya ikichungulia mfukoni. Wenzangu walilipa, wakapita. Nikafika mimi.

"Lipa mlango."

"Mwalimu," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mbu, "wewe kuhusu lile gari umemuuliza nani?"

Mguu ukasimama. Nilikuwa sijawahi kuuona umesimama. Wale waliokwisha kutoka walirudi kuchungulia. Akautoa mkono kwenye fremu, akasema taratibu, "Pita. Hilo ni swali."

Arobaini ilikuwa Jumapili. Alhamisi Mama Mwalimu aliniita nimpeleke kituo cha mabasi akatangulize masufuria. Nilimkuta barazani anamalizia kofia ya mjukuu, ndogo kama nusu ya chungwa. Gari lilikuwa uani, kiti kimeinuliwa, na mumewe analizunguka. Alizunguka mara saba, nilihesabu. Mtu angedhani anahiji. Kisha akaja akasimama mbele ya mkewe, ile spana inaning'inia.

"Mama."

"Labeka."

"Ule waya wa zamani." Akaishika spana isigonge. "Sijui ulipita wapi."

"Hujui."

"Sijui. Nifanyeje?"

Mama Mwalimu alichoma sindano kwenye kofia, akaiweka kando polepole, kama kitu chenye usingizi. Akainuka.

"Niletee ufagio," akasema.

Nilidhani anampiga. Kumbe alichomoa njiti moja ndefu ya chelewa, akafunga uzi wa kushonea kwenye ncha yake, akapanda garini akapiga magoti penye kiti. Akasema bismillahi, mkono wake mwembamba ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

"Shika tochi, Mwalimu. Na mwanga usitikisike."

"Ndiyo."

"Hapa pana kibanio. Kitupu, kinangoja waya." Chelewa ikapita. "Na hapa kingine. Cha tatu kiko huku juu, mbali kabisa na bomba. Wewe uliulaza waya jikoni, baba."

"Niliulaza jikoni," alisema yeye.

Uzi ulipotokea upande wa pili aliufunga kwenye mkia wa waya mpya, akavuta kidogo kidogo, waya ukaingia wote, kibanio kwa kibanio, kama kamba kwenye pindo. Boliti alimwachia mumewe. Lakini mimi jicho langu lilikuwa kwenye tochi. Kwa muda wote ule, nao ulikuwa mrefu, mtu asiyeweza kumaliza chai amekaa alisimama kama nguzo ya umeme. Jasho lilimfika kidevuni na hakulifuta.

Jumapili nilifika na bajaji kwa sababu nilikuwa nimekodiwa, endapo gari lingezimika. Gari lilikuwa mlangoni linanguruma. Mama Mwalimu akatoka na khanga mpya, akalitazama gari, akaitazama bajaji, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anakunja na kukunjua taulo. Kisha akasukuma mlango wa pembeni, akaingiza masufuria, akakaa mbele.

"Wewe," akaniambia, "tufuate."

Basi nikawafuata hadi Mapinga na bajaji tupu, kama gari la wagonjwa. Moyo wangu ulikuwa kwenye lile bomba lao la moshi. Likipungua mwendo, napungukiwa na pumzi. Lilipofika mwinuko ule, jua limeshakuwa kali na injini imeshashika moto vya kutosha kuchemsha maharage, nilisoma kila nilichohifadhi madrasa. Likapanda. Likafika juu. Mkono wa Mama Mwalimu ukatoka dirishani, una sindano na kofia ya mtoto, ukanipungia nirudi nyumbani.

Miaka imepita. Mwalimu hafundishi tena, na gari lile lingalipo. Mwezi uliopita nilikuwa njia panda ya kwenda Mlingotini nanunua mihogo nikaliona linakuja taratibu, likasimama karibu yangu. Aliyekuwa kwenye usukani ni Mama Mwalimu, miwani puani. Mwalimu alishuka kabla gari halijatulia vizuri. Mwembamba, kanzu safi, mshipi umefungwa mkononi, ila badala ya spana umefungwa ufunguo wa nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo." Alinitazama usoni, akatafuta, hakupata, wala hakuona haya. "Nisaidie, kijana. Njia ya Mlingotini ni ipi?"

Nilisimama na mihogo yangu. Njia ile ameipita mara nyingi kuliko nilivyoswali, na kibao kilikuwa nyuma ya kichwa chake. Nikamwonyesha. Akarudia nilichosema, neno kwa neno, kama mwanafunzi mzuri.

"Sasa lipa mlango," akaniambia.

Nikashtuka. Nikauliza kilichokuja, "Mwalimu, umeuliza watu wangapi leo?"

"Wewe wa nne. Wote mmenipa jibu moja." Akafurahi. "Basi vipimo vinakubaliana. Njia ni hiyo."

Alipokuwa anazunguka kurudi kwenye kiti chake nilisogea kwenye dirisha la dereva.

"Mama," nikanong'ona, "wewe njia huijui?"

"Naijua hata nikifumba macho." Alikuwa anamfuata mumewe kwa kioo, mpaka akauona mlango umefungwa. "Nilingoja miaka thelathini aulize, mwanangu. Leo nimkataze?"

Akatia gia. Mbele kidogo, penye fundi baiskeli, taa za nyuma zikawaka nyekundu, gari likasimama tena, Mwalimu akashuka.